Kupeleka walimu wa kujitolea Nakivale: mwongozo kwa vikundi vya Kagera na Mwanza

Likizo ya Juni ikikaribia, simu huanza kuingia. Kikundi cha parokia, umoja wa kina mama wa msikitini, walimu wa shule moja ya msingi: wote wanataka kuvuka kwenda Uganda kuwasaidia watoto wakimbizi, na wanauliza waanzie wapi. Nikiuliza wamefikia wapi, mara nyingi nguo zimeshakusanywa na fulana za safari zimeshachapwa. Kazi yenyewe ndiyo bado haijulikani. Mimi huwaambia wageuze utaratibu: kazi kwanza, halafu watu, vitu mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Ijueni sehemu, kisha ulizeni kazi

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Msitegemee uzio na geti. Uganda huyaita makazi, si kambi. Familia hupewa kipande cha ardhi, na sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Eneo limegawanywa kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya gari. Wako Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali.

Mwalimu wa Kitanzania ana kitu kimoja ambacho mfadhili wa Ulaya hana. Mtoto aliyetoka Kivu alianza shule kwa Kifaransa, nyumbani anaongea Kinyabwisha au Kiswahili, na sasa anasomeshwa kwa Kiingereza. Unakuta kijana wa miaka kumi na tatu amekaa na watoto wa darasa la pili, si kwa sababu hajui hesabu, ila hajui swali linamuuliza nini. Hapo mtu anayeweza kumfafanulia kwa Kiswahili ana kazi ya kweli.

Lakini msijipangie wenyewe. Tafuteni shule au shirika lililosajiliwa linalofanya kazi mle ndani, mliandikie, na barua iwe na maswali haya tu: Ni kazi gani walimu wenu wanashindwa kuifikia muhula huu? Sisi tukiondoka, nani ataiendeleza? Kitu gani tusije nacho? Swali la pili ndilo kipimo. Kama hakuna wa kuendeleza, ombeni kazi nyingine.

Mkipewa jibu la "njooni kwenye kituo cha yatima mcheze na watoto", kataeni kwa adabu. Watoto wengi wanaolelewa kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana mzazi aliye hai, na wageni wenye zawadi ni sehemu ya kinachofanya vituo hivyo viendelee kujazwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizungumzia madhara ya safari za kujitolea kwenye vituo vya yatima katika azimio lake la haki za mtoto la 2019.

Hatua ya 2: Kibali

Huingii Nakivale kufanya kazi na watoto kwa sababu tu una moyo mzuri. Kibali hutoka Ofisi ya Waziri Mkuu jijini Kampala, idara ya wakimbizi, na mkifika mnaripoti kwa mkuu wa makazi, ambaye wenyewe humwita komandanti. Mwenyeji wenu ndiye awaombee. Tumeni majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, kazi mtakayofanya na shule mtakayofanyia. Anzeni miezi miwili kabla au zaidi. Na huyo mwenyeji akiwaambia "kibali hakihitajiki, njooni tu", basi mtafuteni mwingine.

Hatua ya 3: Watu

Sita hadi wanane wanatosha. Basi zima la Coaster ni mzigo kwa mwenyeji: atawalaza wapi, nani atawazungusha? Chukueni walimu wanaofundisha madarasa ya chini sasa hivi, muuguzi mmoja kwa ajili ya timu, mtunza fedha asiyeona haya kudai risiti, na dereva anayeijua barabara. Kila mmoja alete cheti cha polisi cha tabia njema na asaini kanuni za kulinda watoto. Kanuni mbili hazina mjadala: hakuna mtu mzima kubaki faraghani na mtoto, na hakuna kumpa mtoto fedha wala namba ya simu. Asiyetaka kusaini, hata kama ndiye mchangiaji mkubwa, abaki.

Likizo yetu ya Juni huangukia ndani ya muhula wa pili wa Uganda. Ni bahati, kwa sababu mtakuta shule zimefunguliwa na walimu wapo. Mkienda Desemba mtakuta madarasa matupu.

Hatua ya 4: Nyaraka na njia

Kitambulisho cha NIDA hakitawavusha. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa vitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo. Chukueni pasipoti au hati ya dharura. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka. Cheti chake tangu 2016 ni cha maisha, hivyo aliyechanjwa zamani asichome tena. Gari liwe na bima ya COMESA. Nayo huitwa kadi ya njano, kama cheti cha chanjo, na madereva huzichanganya hizi mbili mpaka wafike dirishani.

Njia ni mbili. Bukoba, Kyaka, Mutukula, kisha Masaka hadi Mbarara: ndefu, lakini ya lami, na mpakani mnamaliza mambo kituo kimoja. Ya pili ni ya Karagwe hadi Murongo, mnavuka mto Kagera kuingia Kikagati, na hapo mko tayari Isingiro. Kwenye ramani inavutia. Mimi na watu na mizigo hupita Mutukula.

Msishangae kupimwa joto mpakani. Mkoa wetu wa Kagera umepata homa ya Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na Uganda imekuwa na Ebola yake. Mwenye homa asipande gari, hata kama anaapa ni malaria.

Hatua ya 5: Vitu

Nendeni na fedha, mnunue Mbarara. Madaftari, kalamu, chaki, sabuni, vyote vipo, bei haiachani sana na yetu, na mnamwachia mfanyabiashara wa pale riziki. Mitumba ina ushuru mkubwa mpakani. Dawa za msaada zinahitaji kibali cha mamlaka ya dawa ya Uganda, na kwa mwongozo wa WHO ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika. Zile nusu chupa za kwenye kabati zibaki kabatini. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msibebe kabisa. Penye maji ya mashaka, kopo hilo linaleta kuhara, na mama anaacha kunyonyesha.

Sabuni haipendezi kwenye picha, lakini kiwango cha kimataifa ni gramu 250 za kuogea kwa mtu kwa mwezi, na mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa tangu 2020, kwa hiyo familia inayopata sabuni inaweza kuiuza inunue unga. Kabidhini shule, igawe yenyewe. Msigawe kutoka kwenye buti la gari.

Hatua ya 6: Darasani

Siku ya kwanza kaeni nyuma, mwangalie. Darasa la watoto mia na zaidi si ajabu. Kaeni na mwalimu msaidizi ambaye mwenyewe ni mkimbizi. Yeye ndiye mwenye darasa, ninyi ni wasaidizi wake. Baada ya masomo chukueni wale waliokwama, kumi na tano kwa mwalimu mmoja.

Tumieni kadi za maneno. Mwalimu anainua kadi yenye neno la Kiingereza, mtoto analisoma, kisha anasema maana. Atasema "batoto" au "kalasi", Kiswahili cha Kongo cha watoto na darasa. Usimsahihishe Kiswahili chake! Hukuja kwa ajili hiyo, na ukimkatiza mara mbili hatanyoosha mkono tena. Pokea "batoto", rudia neno kwa Kiingereza, endelea. Kadi mwachieni mwalimu msaidizi, pamoja na orodha ya watoto na kila mmoja alipofikia.

Hatua ya 7: Picha

Hapa ndipo vikundi hubishana nami zaidi. Wachangiaji wanataka kuona sura za watoto. Jibu langu ni hapana, na sababu si staha peke yake: baadhi ya familia zimekimbia watu wanaozijua kwa majina, na picha ya WhatsApp inavuka mpaka upesi kuliko ninyi. Pigeni picha ya risiti, ya marundo ya madaftari, ya mikono ikishika kadi, ya ubao. Mzazi akikubali kwa hiari picha ya mwanawe, bado msiandike jina wala kijiji.

Hatua ya 8: Mkirudi

Ndani ya wiki mbili tumeni hesabu, kwa wachangiaji na kwa mwenyeji, karatasi ileile. Mpigieni mwalimu msaidizi mwezi unaofuata mkiwa na orodha mkononi: nani bado anakuja, nani ameacha, kadi zipi zimechakaa. Kama kuna fedha iliyobaki, muulizeni yeye kwanza, kabla kamati haijakaa kujadili safari nyingine.