Shamba la malisho ya kulungu: upepo kwanza, mbegu baadaye

Shamba la kuvutia kulungu wa mkia mweupe wa Marekani likishindwa, mara nyingi kosa si la mbegu. Lilikaa mahali pabaya, au udongo wake ulikuwa mchachu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jua wanapolala mchana, wanapopita jioni, na upepo wa msimu wa kuwinda huvuma kutoka wapi. Dungu lako liwe upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako. Halafu tafuta njia ya kuingia na ya kutoka isiyokatiza njia zao. Kama njia hiyo haipo, hama, hata udongo ukiwa mweusi kama masizi.

Shamba la kuwindia halihitaji ukubwa. Robo ekari, yaani kama mita 1,000 za mraba, inatosha, mradi lipate jua kwa saa nne hadi sita. Lipe umbo la kibuyu, lenye kiuno chembamba, na dungu liwe karibu na kiuno hicho. Anayevuka hapo atakuwa ndani ya mita 20 au 25, umbali mzuri kwa upinde.

Udongo ndio unaokula muda. Chota sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, na upeleke nusu kilo maabara. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe kati ya 6 na 7. Ikiwa chini ya hapo, robo ekari inaweza kudai kilo 250 hadi 500 za chokaa ya kilimo. Fuata majibu ya kipimo, usikisie. Imwage mapema, kwani huchukua takriban nusu mwaka kufanya kazi. Mbolea iliyotiwa kwenye udongo mchachu kwa sehemu kubwa ni hela iliyotupwa.

Kwa robo ekari, mchanganyiko usio na makuu ni kilo 5 au 6 za ngano na kilo moja ya klova nyeupe, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Ngano huota haraka na kuvutia kulungu msimu huohuo. Klova hushika zamu mwaka unaofuata. Panda mwishoni mwa kiangazi, wiki sita hivi kabla ya baridi kali, mvua ikiwa njiani. Piga dawa ya magugu wiki mbili kabla ya kulima. Sia ngano, ifukie sentimita 2 au 3 kwa haro au reki. Ndipo usie klova juu, ukiichanganya na mchanga mkavu isambae sawasawa, kisha uikandamize tu. Hapa ndipo wengi huharibu: klova ikizama zaidi ya nusu sentimita, nyingi haitatokeza. Mbegu ya klova isiyopakwa bakteria wa mizizi, wanaoisaidia kupata nitrojeni ya hewani, ipake siku ya kupanda, na usiichanganye na mbolea, kwani chumvi yake huwaua. Nitrojeni nayo iende kidogo. Ikizidi, inalisha magugu.

Tanipu, mboga ya mizizi yenye majani mapana, huvutia sana baada ya jalidi, majani yanapoongeza utamu. Ila kwenye robo ekari yenye kulungu wengi huliwa kabla ya wakati wake.

Simika kizimba cha waya cha upana wa mita moja katikati. Majani ya ndani yakiwa marefu na ya nje yamekatwa hadi chini, shida ni midomo mingi. Yakidumaa kote, rudi kwenye udongo.

Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo: mazao yaliyopandwa ni jambo moja, nafaka iliyomwagwa ni jingine, na mahali pengi hiyo ya pili ni marufuku. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya msimu.

Upepo ukigeuka siku ya kuwinda, usikalie dungu hilo. Na giza likiingia wakiwa bado wanakula, usishuke mbele yao. Subiri waondoke wenyewe, au mwenzako aje na gari awatawanye. Gari huwatisha kidogo kuliko mtu anayeshuka mtini.