Picha ya kuchapwa kwa skrini, ya rangi tatu, kutokana na maboksi ya Washaker

Mwongozo huu ni wa kuchapa kwa skrini, yaani kusukuma wino kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, toleo la nakala 30 kwenye karatasi ya sentimita 35 kwa 50: maboksi matatu ya mbao yenye umbo la yai, yakitazamwa kwa ubavu, yamepandana kutoka kubwa hadi dogo. Nachukulia kwamba umeshachapa fulana au mabango, kwa hiyo mambo ya msingi nitayapita haraka.

Kabla ya kushika penseli, wafahamu wenye kazi. Washaker ni jumuiya ya Kikristo iliyoanzia Uingereza. Kiongozi wao Ann Lee, mzaliwa wa Manchester, alivuka bahari kwenda Marekani mwaka 1774 na wafuasi wachache, na baadaye vijiji vyao vikaenea kutoka Maine hadi Kentucky. Hawakuoa wala kuolewa, mali ilikuwa ya wote, na kazi ya mikono waliihesabu kuwa ibada. Kanuni zao za mwaka 1845 zilikataza nakshi za mbao zinazowekwa kwa urembo tu. Michoro ya rangi walikuwa nayo, kama miti ya Hannah Cohoon wa kijiji cha Hancock, lakini waliipokea kama zawadi za kiroho, si mapambo ya ukutani. Kwa hiyo usijaze maua pembeni ya picha ukadhani umewaenzi. Chukua kanuni yao: kisicho na kazi kinatoka.

Hatua ya 1: Mchoro

Chora ukijua boksi linavyoundwa. Ukanda mwembamba wa mbao ya mepo (mti uitwao maple kwa Kiingereza) hulainishwa kwa maji moto au mvuke, hupindwa kuzunguka kalibu, kisha ncha yake, iliyochongwa kuwa vidole virefu, hupigiliwa vimisumari vya shaba. Vidole hivyo havikuwekwa kupendeza macho. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na nafasi kati ya kidole na kidole huiwezesha kucheza bila kupasuka wala kubenuka. Shaba nayo haitoi kutu ya kutia mbao doa. Ukilielewa hili, vidole vyako vitachongoka inavyopasa na misumari itakaa mahali panapohitaji kushikwa. Vidole vyote vielekee upande mmoja.

Juu ya maboksi pitisha ubao mmoja wa ukutani wenye vigingi. Washaker walitundika humo kofia, nguo, hata viti, ili sakafu ifagiliwe vizuri.

Hatua ya 2: Kutenganisha rangi

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Skrini tatu zitakupa rangi tano.

Ya kwanza ni manjano ya udongo, inayojaza maboksi yote matatu. Ya pili ni buluu iliyochanganywa na besi angavu, yaani wino usio na rangi unaoiacha rangi ya chini ionekane: inachapa ubao wa vigingi, ambao unabaki buluu, na inapita juu ya boksi la kati, ambalo linageuka kijani. Ya tatu ni nyekundu nzito ya udongo: inafunika boksi la chini lote na kuchora mistari ya mawili ya juu. Juu ya kijani, mistari hiyo itaonekana kahawia.

Misumari haihitaji skrini yake. Kwenye boksi la kati iache kama matundu ndani ya buluu, na kwenye la chini ndani ya nyekundu, manjano itachungulia. Mistari ya vidole vya boksi la chini ifanye vivyo hivyo. Kwenye boksi la juu, misumari iwe nukta nyekundu. Tundu lisipungue milimita 1.5, la sivyo wino utaliziba. Nyekundu ya boksi la chini izidi manjano kwa nusu milimita kila upande, na mistari ya boksi la kati iwe minene kiasi cha kufunika mshono wa manjano na buluu.

Hatua ya 3: Skrini

Kitambaa cha nyuzi 90 kwa sentimita kinafaa. Osha mafuta, paka emulsheni (dawa inayoganda ikipigwa mwanga) pande zote mbili, kausha gizani skrini ikiwa imelala. Pima muda wa mwanga kwa kipande cha majaribio kwanza.

Hatua ya 4: Karatasi na ulandanishi

Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Kata 38, maana nyingine zitaharibika. Ziache zilale usiku mzima katika chumba cha kuchapia: karatasi nayo hutanuka kama mbao, na ikitanuka katikati ya kazi, rangi ya tatu haitakutana na ya kwanza.

Ulandanishi ni kuhakikisha kila rangi inaangukia mahali pake. Bandika vizuizi vitatu mezani, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi, na utumie kona ileile ya karatasi kwa rangi zote. Kwa rangi ya pili na ya tatu, gundisha plastiki angavu ukingo mmoja mezani, chapa juu yake, kisha telezesha karatasi chini yake hadi vilingane. Hapo ndipo uhamishie vizuizi kwenye kingo za karatasi na kuondoa plastiki.

Hatua ya 5: Kuchapa

Inua skrini milimita 3 kutoka kwenye karatasi. Funika kitambaa kwa wino bila kukandamiza, shusha skrini, vuta skwiji (kikwanguo cha mpira cha kusukumia wino) mara moja kwa mkono thabiti. Chapa karatasi zote 38 rangi moja, zikauke, ndipo uende nyingine. Wino wa maji hukauka upesi ndani ya kitambaa, kwa hiyo ongeza dawa ya kuchelewesha. Matundu yakianza kuziba, futa kwa sponji yenye unyevu na uchape mara mbili juu ya gazeti kuukuu.

Hatua ya 6: Namba na sahihi

Chagua 30 safi. Andika kwa penseli chini kushoto 1/30, 2/30 na kuendelea. Za majaribio ziwe chache na ziwekewe alama yake. Kanuni zilezile za 1845 zilimkataza fundi kuandika jina lake kwenye kazi ili watu wamjue kwayo. Kwa picha hii mimi naweka namba mbele na sahihi nyuma. Wapo wanunuzi wanaotaka jina lionekane, nami huwaeleza sababu.

Futa emulsheni kwenye skrini zote tatu kabla ya kuuza nakala ya kwanza. Aliyelipia nakala moja kati ya 30 ana haki ya kujua kwamba ya 31 haiwezekani.