Namna ya Kukagua Pete ya Dhahabu ya Kirumi Yenye Kito

Ukiletewa pete ya dhahabu inayosemekana kuwa ya Warumi wa kale, anza na kito kabla ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu na huweza kuyeyushwa upya pasipo kubaki dalili ya umri wake.

Iweke kwenye mwanga unaotoka upande mmoja, kisha itazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Akiki nyekundu ilipendwa sana kwa pete za muhuri, zile za kugandamiza kwenye nta ili kuacha chapa, kwa sababu nta haigandi juu yake, jambo ambalo Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mlima wa volkano wa Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, alikwisha kulieleza. Ukiona viputo vya duara ndani ya kito, hicho ni kioo. Lakini usiitupe pete kwa hilo tu, maana Warumi wenyewe walipachika vioo vya rangi kwenye pete zao.

Baada ya hapo, ikiwa kito hakichezi mahali pake, kigandamize taratibu juu ya udongo laini. Mchongaji alichora kinyume ili chapa isomeke sawasawa. Kwa hiyo tazama chapa, si kito, uone kama askari ameshika mkuki kwa mkono wa kulia na ngao kwa wa kushoto. Maandishi yanayosomeka moja kwa moja kwenye kito huashiria hirizi kuliko muhuri. Mifereji ya mchoro nayo ichunguzwe: chombo kilizungushwa kwa upinde pamoja na unga wa jiwe gumu, hivyo kina cha mifereji hupishana kidogo, na mifereji iliyolingana mno hunitia shaka.

Umbo la pete husaidia kukisia wakati wake, kwani mabega, yaani sehemu za pete zilizo pande mbili za kito, yenye pembe kali ni ya karne ya 3 zaidi. Wepesi wa pete si ushahidi wa ughushi, kwa kuwa nyingine zilitengenezwa kwa bamba jembamba zikiwa na uwazi ndani. Ndiyo maana haifai kuibana. Sonara akitaka kuisugua kwenye jiwe lake la kupimia au kuing'arisha, mkatalie kwa heshima, kwani mikwaruzo ya zamani ikifutika hairudi.

Mwisho, dai hati zinazoonyesha ilikotoka na ilivyovuka mipaka. Tangu Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, makumbusho makini hayapokei pete isiyo na historia hiyo, hata iwe halisi kiasi gani.