Kupima uhai wa kiini cha jino la mtoto lililogongwa

Mtoto wa miaka 8 ameletwa kliniki, jino la mbele la juu limegongwa. Linatikisika kidogo, ila halijahama mahali pake. Unaweka baridi, mtoto hasikii chochote. Hapo ndipo meno mengi mazima hutobolewa bure, na ndiyo maana nawaandikia matabibu wenzangu wa kinywa.

Kipimo cha baridi na kile cha umeme hupima mishipa ya fahamu. Uhai wa kiini, yaani nyama laini iliyo ndani ya jino, unategemea damu. Pigo linaweza kuizima mishipa hiyo ya fahamu kwa miezi mitatu au zaidi huku damu ikipita vizuri. Tena kwa umri huu ncha ya mzizi haijafunga na nyuzi za fahamu zinazojibu umeme hazijakomaa, kwa hiyo kimya chake hakithibitishi kifo.

Hatua ya 1: anza na jino zima. Pima kwanza jino la jirani lisiloumia, mtoto ajue ubaridi wenyewe ukoje. Mwambie: "Mwanangu, ukisikia baridi nyoosha mkono, ikiisha ushushe." Akinyoosha kabla hujagusa jino, ana hofu, mtulize, anza upya.

Hatua ya 2: baridi. Kausha jino, lizungushie pamba. Barafu siipendi: inayeyuka, maji yanafika kwenye fizi, na fizi ndiyo inayojibu. Tumia dawa ya kupuliza ya tetrafluoroethani, yenye baridi ya takriban nyuzi -26 za Selsiasi. Ipulize kwenye kidonge cha pamba ulichokishika kwa kibanio mpaka kiote ukungu mweupe, kisha kibandike katikati ya jino upande wa mdomo, mbali na fizi. Kiondoe mtoto anaponyoosha mkono. Usipite sekunde 15. Jino la jirani likijibu na hili likanyamaza, andika "halijajibu". Usiandike "limekufa".

Hatua ya 3: umeme, ukiwa nao. Paka dawa ya meno kwenye ncha ya kifaa, gusa karibu na ukingo wa kukatia. Namba inayosomeka haipimi kiwango cha afya ya kiini.

Watafiti wamehamia kwenye damu yenyewe. Tangu miaka ya 1980 wanatumia leza ya Dopla: mwanga unagonga chembe nyekundu zinazotembea na kurudi ukiwa umebadilika masafa. Tabu ni kwamba unaokota pia damu ya fizi, hivyo fizi huzibwa kwa mpira mweusi, na kifaa hushikizwa kwa kalibu ya silikoni kisicheze. Njia nyingine ni oksimeta, kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga mwekundu na wa infraredi. Kibanio cha kidoleni hakikai kwenye jino, na kwenye jino usomaji huwa chini kuliko wa kidoleni. Mapitio ya utafiti ya 2018 katika Journal of Endodontics yalizikuta njia hizi mbili zikiwa sahihi kuliko baridi, umeme na joto. Naamini oksimeta ndiyo itakayotufikia kwanza, kwa kuwa teknolojia yake ni rahisi kuliko leza. Kinachokosekana ni kishikio kinacholingana na jino.

Hatua ya 4: fuatilia. Kwa jino lililolegea bila kuhama, mwongozo wa 2020 wa chama cha kimataifa cha majeraha ya meno unataka mtoto aonwe baada ya wiki 2, wiki 12, miezi 6 na mwaka 1. Kila mara rudia baridi, gonga jino taratibu, tazama rangi, papasa fizi kutafuta tundu la usaha, piga eksirei. Kukosa jibu peke yake hakutoshi. Zihitajike angalau dalili mbili kabla ya kusema kiini kimekufa. Kubadilika rangi nako peke yake kusikutishe, kwani rangi huweza kurudi kuwa ya kawaida.

Picha za eksirei zipange pamoja na ulitazame jino la jirani. Mzizi wa jino lililoumia ukiendelea kurefuka na kuta zake kunenepa sawa na wa mwenzake, kiini kinafanya kazi, hata kama baridi bado haijajibiwa. Mzizi huo ukiacha kukua huku wa jirani ukikua, na kuna usaha au mfupa unaoliwa kwenye ncha, hapo anza matibabu ya mzizi bila kuchelewa.