Kibonge kabla hujatoka kwenda kukimbia Maisara: presha, raba, njia na simu

Juzi mtoto wa dada angu kanifata barazani hapa mjini Unguja, "mjomba na mie nataka kuanza kukimbia, ninunue raba gani?" Yeye ana kilo 108, mie wakati naanza nilikuwa 111, kwa hiyo tunajuana wenyewe kwa wenyewe. Nikamwambia raba subiri kwanza, nenda kapime presha. Akacheka akadhani nafanya mzaha. Wallahi sio mzaha, sie watu wazito wengi wetu tunatembea na presha na sukari hatujui, na mtu hajui mpaka siku anayobabaishwa na mbio. Kupima presha ni dakika tano, hata duka la dawa mtaani kwenu wanapima, na kama tayari unatumia dawa ongea na daktari wako kabla, hasa kama unapiga sindano ya insulini au unameza zile dawa za sukari zinazoweza kuishusha sana, maana mazoezi nayo yanashusha, vikikutana viwili unaanguka njiani na watu wanadhani umelewa. Tembea na kipande cha haluwa au tende mfukoni. Na kuna dawa za presha zinazozuia mapigo ya moyo yasipande, ukiwa unatumia hizo basi ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo usiifanye ndio kipimo chako, inakudanganya. Ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkono wa kushoto, au unaona kiza, hapo hapo simama, usiseme namalizia raundi hii, nenda hospitali.

Haya, presha iko sawa. Sasa kabla ya mbio kuna kutembea, na hapa ndipo watu wanapokimbilia mbele. Pumzi inazoea haraka, wiki mbili tatu tu unajiona mwanamume, lakini magoti, vifundo na zile kano za nyuma ya kisigino hazina haraka hiyo, zenyewe zinataka miezi. Kila hatua ya mbio mguu unapokea kama mara mbili mpaka tatu ya uzito wako, sasa chukua 108 uzidishe mwenyewe, halafu kumbuka kilomita moja ni hatua elfu na ushei. Ndio maana mimi nasema anza chini ya unachoweza. Tembea haraka haraka nusu saa, siku nne tano kwa wiki, kwa wiki tatu hivi, ukiona asubuhi unaamka hakuna kinachouma basi ndio tunaongea habari ya raba.

Raba sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mie. Raba yangu ya kwanza niliinunua mtumba, safi kabisa, nyeupe, muuzaji kaniapia haijavaliwa, na kweli nadhani haikuvaliwa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Kiatu kikikaa ghalani miaka gundi inakufa na lile sponji la soli linakauka, kwa macho huoni kitu. Siku ya tatu nimefika Kilimani nasikia pwaa, pwaa, naangalia chini soli ya kulia imefunua mdomo kama changu aliyetolewa kwenye ndoana. Muuza kahawa mmoja akanionea huruma akanipa kipande cha ukili, ule mkanda wa kusukwa wa kushonea mkeka, nikafunga kiatu kama mzigo wa kuni nikarudi nyumbani mdogo mdogo, na wale vijana wa bodaboda pale kituoni mpaka leo nikipita wananiuliza "ami, ukili upo?"

Simaanishi usinunue mtumba, raba mpya ya kukimbilia ya ukweli ni pesa nyingi na mtumba mara nyengine unaokota dhahabu. Ila kagua. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, kikikunjika katikati kama kandambili wacha. Bonyeza sponji ubavuni kwa kidole gumba, liwe linabonyea na kurudi, likiwa gumu kama ubao au linamong'onyoka, wacha. Vuta ncha ya soli uangalie gundi. Geuza uangalie kisigino, kikiwa kimelika upande mmoja basi aliyetangulia kakiacha na mwendo wake ndani na wewe utaurithi. Halafu tazama ile lebo ndogo ndani ya ulimi wa kiatu, vyengine vina tarehe ya kutengenezwa pale, na ukikuta pameandikwa 2E au 4E pembeni ya namba furahi, hiyo maana yake kiatu kipana, kampuni kama New Balance, Brooks na Asics wanatengeneza hivyo na mguu wa mtu mzito mara nyingi unataka upana kuliko urefu. Jaribu jioni maana mguu umeshavimba kidogo na siku nzima, vaa na soksi utakazokimbilia, mbele ibaki nafasi ya kidole gumba. Kisha usitazame rangi. Kiatu cha kukimbilia kawaida kinakwenda kama kilomita 500 mpaka 800, kwa mtu mzito kinachoka mapema zaidi, kwa hiyo magoti yakianza kulalamika bila sababu kitazame kiatu kwanza. Na zile raba bapa za kuendea harusini, za soli nyembamba, achana nazo kabisa, zinapendeza tu.

Nguo sina maneno mengi. Mapaja yatasuguana, yatachubuka, na ukija kuoga maji ya bahari utaimba, basi paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu kabla ya kutoka, na vaa kaptula ya kubana chini ya ile pana. Kinamama sidiria ya mazoezi inayoshika sawasawa ni muhimu sawa na raba, wake zetu na dada zetu wengi wanaifanya ya mwisho. Mtandio na suruali pana za kitambaa chepesi zinakimbilika vizuri tu, pale Maisara asubuhi wanaonekana wengi, ila pamba nzito ikishiba jasho inakuwa mzigo.

Njia nayo ichague kabla, usitoke tu ukafuata miguu. Mie kosa langu la pili nilitoka mjini nikaelekea Bububu kwa sababu upepo ulikuwa mzuri, nafika Mtoni goti limekataa, sina hata nauli ya daladala. Tangu siku hiyo nakimbia njia ya mzunguko, mtu mzito anayeanza inafaa asiwe mbali na kwao, viwanja vya Maisara au Mnazi Mmoja unazunguka, ukichoka uko hapo hapo, na nyasi na udongo wake ni laini kuliko lami. Wakaazi wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, tafuteni kiwanja cha mpira cha mtaani asubuhi kabla ya watoto hawajakijaza. Ukiwa barabarani kimbia upande wa kulia, magari yanakuja mbele yako unayaona, maana huku kwetu gari zinakwenda kushoto na vespa haina habari na wewe. Ufukweni watu wanapasifia sana, wa Paje na Jambiani mnajua wenyewe, lakini ngoja maji yatoke, pale mchanga uliolowa na kushikana ndio pa kukimbilia, mchanga mkavu mlaini unazama na unavuta kano za nyuma mpaka ziseme. Ufukwe ukiwa umelalia upande, nenda na urudi kwa masafa sawasawa, usije ukawa mguu mmoja ndio unaobeba mteremko siku zote. Siku za bamvua maji yanatoka mbali na yanarudi kwa kasi, angalia usije ukakatiwa njia.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri. Kaskazi ikipiga, Januari na Februari, saa mbili asubuhi jua lishakuwa jua na hewa nzito ya unyevu jasho halikauki mwilini, mtu mwenye mwili anapata joto haraka kuliko mwembamba. Ukiweza kuchagua mwezi wa kuanza, anza Juni au Julai wakati wa kipupwe, mwili wenyewe utakushukuru. Halafu usianze tarehe 1 Januari! Ile Siku ya Mazoezi ya Viungo ya Zanzibar ni siku nzuri, vikundi vinatoka kila shehia, nyimbo, mchakamchaka, hata viongozi wamo, lakini kwa kibonge wa siku ya kwanza ule wimbo unakubeba, kilomita tano sita huna habari, kesho yake huwezi kushuka kitandani na unaapa hurudii tena. Nenda, tembea nyuma na wazee, piga makofi.

Simu. Hapa tena nina maneno. Watu wanafikiri kurekodi njia ni kujionesha, ndio wapo wa hivyo, lakini kwetu sie kazi ya simu ni breki. Programu kama Strava inakwambia wiki iliyopita ulikwenda kilomita ngapi, kwa hiyo wiki hii huwezi kujidanganya ukaruka mara mbili. Kurekodi kwenyewe hakuli bando, GPS inapokea tu kutoka kwenye setilaiti, unaweza kuzima data na ukaipandisha ukirudi nyumbani. Kabla hujaanza simama nje sehemu wazi dakika moja mpaka simu ipate signo, ukianzia kibarazani chini ya bati itaanza kukuhesabia ovyo. Ingia mipangilio ya betri uiruhusu ile programu ifanye kazi nyuma ya pazia, simu zetu nyingi zina tabia ya kuua programu skrini ikizimika, unarudi unakuta mstari mmoja ulionyooka kutoka nyumbani mpaka nyumbani, kama umepaa. Na Mji Mkongwe usiuamini kabisa, vichochoro vile na kuta ndefu mawimbi yanagonga huku na huku, mie siku moja ramani imenionesha nimekimbia juu ya mapaa ya Shangani, nimetumbukia baharini Forodhani, nikatoka mkavu, na imenipa kasi ambayo Usain Bolt mwenyewe angeuliza huyu nani. Kama unataka kujua urefu wa njia kabla hujatoka, Google Maps bonyeza sehemu kwa muda, chagua kupima umbali, vuta mpaka unapotaka.

Jengine, ficha nyumbani kwenu. Ile ramani inaonesha unapoanzia na unapoishia, na saa ngapi huwa haupo. Mwanzo wa 2018 watu waligundua kwamba ramani ya jumla ya Strava, ile inayokusanya njia za watumiaji wote, inaonesha mpaka kambi za jeshi kwa sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia nayo, sasa fikiria nyumba yako ya Mpendae. Kwenye mipangilio ya faragha kuna pa kuficha mwanzo na mwisho wa njia, weka, na rekodi zako waone unaowajua tu, kinadada hasa. Kasi usiitazame kabisa miezi mitatu ya mwanzo, haina maana kwako.

Sasa mbio zenyewe mbona fupi tu: tembea dakika tano, halafu kimbia sekunde 60, tembea sekunde 90, rudia mpaka zitimie dakika 20 hivi, siku tatu kwa wiki na katikati upumzike. Sekunde 60 zikikushinda fanya 30. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa polepole kiasi unaweza kuongea na mwenzio sentensi nzima, ukiwa unajibu "ee" na "mm" tu basi unakwenda mbio mno. Kama wiki ilikuwa ngumu irudie, hakuna mtu anayekusanya madaftari. Maumivu ya nyama siku mbili ni kawaida, lakini yale ya kisigino yanayochoma hatua ya kwanza ukishuka kitandani, au goti linalouma hata umekaa, hayo yapumzishe, usiyakimbilie juu yake.

Ukirudi kunywa maji, dafu pia sawa, ila sio dafu na mandazi manne na urojo kwa sababu umekimbia dakika nane, hiyo hesabu nilishaifanya na kilo zikaongezeka. Na raba usizianike juani juu ya bati, joto ndilo linaloua gundi. Toa ile soli ya ndani, jaza magazeti yanyonye jasho, weka kivulini penye upepo mpaka keshokutwa.