Kuahirisha Masomo kwa Ugonjwa Bila Kupoteza Nafasi ya Chuo na Mkopo

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), akiugua katikati ya muhula, huponzwa zaidi na kuondoka kimyakimya kuliko na ugonjwa wenyewe. Asiyefika kwenye mtihani, na jalada lake halina barua yoyote, huhesabiwa kuwa ameukimbia, na hapo anaweza kufutiwa masomo, jambo ambalo wanafunzi hulifahamu kwa jina la kudisko.

Kwanza aamue anaahirisha nini. Aliyehudhuria karibu muhula wote, akaugua mitihani ikikaribia, kwa kawaida hana haja ya kupoteza mwaka: aombe kuahirisha mitihani tu, alama zake za majaribio zibaki, kisha afanye mtihani maalumu ukipangwa. Mtihani huo huhesabiwa kama wa mara ya kwanza, tofauti na sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli, ambayo hata ukiifaulu vizuri kwa kawaida haikupi zaidi ya daraja C. Lakini ikiwa matibabu yatachukua miezi, kung'ang'ania muhula ni kujitafutia matokeo mabaya, na ni afadhali kuahirisha mwaka wa masomo.

Barua ya maombi hupitia kwa Mkuu wa Idara, nayo iambatanishwe na taarifa ya daktari inayoeleza muda ambao mgonjwa hataweza kusoma. ED, yaani cheti cha daktari cha mapumziko mafupi, ya siku tatu haitoshi. Vyuo vingi hutaka taarifa ya hospitali ya nje ithibitishwe na daktari wa kituo cha afya cha chuo. Aliyelazwa anaweza kumtuma mzazi au ndugu, na Mshauri wa Wanafunzi ndiye mtu wa kumwona kwanza, kwa kuwa ofisi yake ndiyo inayozoea mambo ya namna hii. Kila nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa, na jibu la chuo lidaiwe kwa maandishi, kwa sababu kukubaliwa kwa mdomo hakuonekani kwenye jalada. Kadi ya bima ya afya iliyopatikana kupitia chuo nayo iulizwe mapema kama itaendelea kutumika, kabla ya matibabu marefu kuanza.

Kuhusu bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, hapa ndipo wengi hukosea. Fedha za chakula na malazi, ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 zilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ni za mwanafunzi aliye masomoni. Aliyekwisha kuahirisha asisaini kupokea fedha za awamu inayofuata, hata kama jina lake bado limo kwenye orodha na hata kama bili ya hospitali inambana, kwani fedha hizo ni deni litakalokatwa kwenye mshahara wake baadaye, tena zinaweza kumletea hoja atakaporudi. Nakala ya barua ya kuahirisha ampelekee yeye mwenyewe afisa mikopo wa chuo, asingoje ofisi ziarifiane.

Anapopona, aombe kurejea wiki kadhaa kabla ya muhula kufunguliwa, akiwa na taarifa ya daktari kwamba yuko tayari kusoma. Akishapata barua ya kurejea na kujisajili, aende tena kwa afisa mikopo na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo ndiyo Bodi humtambua nayo, ahakikishe jina lake limo kwenye orodha ya wanaoendelea kabla haijatumwa.