Somo: Kuchagua koti la mvua la bodaboda kwa hela ndogo

Ndugu zangu wa vijiweni Kigoma na Ujiji, habari za kazi. Ni mwezi wa nane, vumbi linaruka, na hakuna hata mmoja wetu anayewaza koti la mvua. Ndiyo maana somo nalileta leo. Kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, zinaanza Oktoba au Novemba na kutusindikiza hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Anayenunua koti sasa anachagua kwa nafasi na kupatana bei. Anayesubiri siku wingu limeshasimama juu ya ziwa anachukua lililobaki, kwa bei ya muuzaji.

Mimi nilikuwa huyo wa kusubiri. Msimu wangu wa kwanza barabarani nilinunua koti mvua ikiwa imeshaanza, lile la plastiki jepesi lenye vifungo vya kubana. Nikapakia abiria Kibirizi na ndoo yake ya dagaa, tunakwenda Ujiji. Kabla hatujafika Mwanga vifungo vitatu vilikuwa vimefunguka, koti likajaa upepo kama tanga, maji yakaingia kifuani na kutuama mapajani. Tulipofika, abiria alinipa noti nikashindwa kumhesabia chenji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikakumbuka kwamba vidole hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nashikia breki ya mbele kwenye mteremko mzima. Tangu siku hiyo koti la mvua nalihesabu pamoja na breki na taa.

Hatua ya kwanza: elewa mvua inavyompiga dereva

Tone kubwa la mvua linashuka kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa saa. Wewe ukiwa kwenye 60, linakujia kifuani kwa kasi mara mbili ya ile linayoshukia. Kwa hiyo koti linalomfaa mtu anayetembea kwa miguu halikufai wewe. Yeye anahitaji kukingwa kichwa na mabega. Wewe maji yanakuingia kwenye zipu ya mbele, shingoni, kwenye vifundo vya mikono, na zaidi ya kote, kwenye msamba wa suruali, pale unapokaa. Ukilijua hilo, sehemu kubwa ya somo umeshaipata.

Hatua ya pili: tenga hela ya suti nzima

Usinunue koti peke yake ukidhani suruali utaongeza baadaye. Maji yote yanayoteremka kwenye koti yanamwagikia mapajani na kutengeneza kidimbwi kwenye siti. Bora suti nzima ya bei ya kawaida kuliko koti zuri juu na jinzi chini. Jinzi ikishalowa inashika maji na kukaa nayo siku nzima.

Hatua ya tatu: zijue aina zilizopo sokoni

Plastiki jepesi la kukunjwa likaingia mfukoni ni la abiria wa safari fupi. Dereva usilinunue hata kwa bei ya kutupa.

PVC nzito yenye kitambaa upande wa ndani, ile ambayo wengi tunaiita koti la mpira, ndiyo chaguo langu kwa mwenye hela ndogo. Ni nzito na ina joto, lakini maji hayapiti, na zilizo nzuri mishono yake imeunganishwa kwa moto badala ya sindano. Pasipo tundu la sindano hakuna pa kuvujia.

Suti ya nailoni yenye utando kwa ndani ni nyepesi na inakunjika vizuri. Uzima wake wote uko kwenye utepe uliobandikwa juu ya mishono. Geuza nje ndani uutazame. Kama haupo, au umeanza kubanduka kwenye kona, rudisha.

Halafu kuna mitumba, na hapa naomba tukae kidogo. Kwenye mabelo yanaingia makoti ya wapanda milima na ya waendesha pikipiki wa Ulaya ambayo mapya hatuwezi kuyagusa bei. Yapo yenye nembo ya Gore-Tex, utando unaozuia maji lakini unaoruhusu jasho litoke kidogo. Ukilipata zima umepata mali. Tatizo ni umri. Utando wa ndani huzeeka hata koti likiwa limening'inia tu. Pitisha kiganja kwa ndani. Ukisikia unanata, au ukiona unamenyuka vipande vidogo kama ngozi iliyoungua jua, liache hata kama nje linang'aa. Soma na lebo. Ikiandikwa "waterproof" limetengenezwa lizuie maji. Ikiandikwa "water resistant" linastahimili manyunyu tu, na mvua ya Januari italipita. Nyingine zina namba za milimita, na hicho ni kipimo cha uwezo wa kitambaa kuhimili mgandamizo wa maji. Elfu moja na mia tano ni kidogo kwa pikipiki, kwa sababu upepo unasukuma maji na uzito wako unayakandamiza pale ulipokaa. Tafuta 5,000, na ukikutana na 10,000 usiulize mara mbili.

Hatua ya nne: lipime kabla hujalipa

Kwanza, lielekeze juani na utazame kwa ndani, hasa kwenye msamba, kwapani na mabegani. Ukiona vitundu vya mwanga, maji nayo yatapita hapo hapo.

Pili, bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, hapo hakuna utando. Pulizia na juu ya mshono pia. Wauzaji wengine watakushangaa. Waache washangae.

Tatu, muombe muuzaji umwage kikombe cha maji ndani ya suruali iliyogeuzwa, uishike kama mfuko ili maji yakae juu ya mshono wa msamba. Subiri dakika tano, kisha futa upande wa pili kwa karatasi kavu. Akikataa, patana naye kwamba utaifanyia nyumbani na ikivuja unairudisha kesho asubuhi. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hukubali.

Hatua ya tano: livae ukiwa umekaa kwenye pikipiki

Hili ndilo watu wanalosahau. Ukisimama dukani kila kitu kinaonekana kimekutosha. Ukikaa na kushika usukani, suruali inapanda hadi katikati ya shavu la mguu, mikono ya koti inarudi nyuma, na mgongo unabaki wazi. Nenda na pikipiki yako, vaa juu ya nguo zako za kazi, kaa, nyoosha mikono, geuza shingo kushoto na kulia. Chukua saizi moja juu ya yako. Lakini lisiwe pana kiasi cha kupepea, maana suruali inayopepea inaungua kwenye ekzosi au inanaswa na cheni. Mimi nimekata pete mbili kutoka kwenye tyubu iliyochoka, navaa moja kila mguu juu ya kifundo. Gharama yake ni mkasi wa kuazima.

Suruali iwe nje ya gambuti, kamwe isiingizwe ndani, la sivyo umejitengenezea ndoo mbili. Mikono ya koti nayo iwe nje ya glovu, kwa sababu kwenye pikipiki zetu viganja viko chini kuliko viwiko na maji yanateremka kuelekea vidoleni. Kofia ya koti ikunje kwa ndani. Ukiiacha nyuma inajaa maji na upepo, ukiivaa chini ya helmeti inakuziba masikio na unashindwa kuona pembeni.

Zipu ya mbele iwe na kipande cha kitambaa kinachoifunika. Zipu tupu ni mlango.

Hatua ya sita: uonekane

Njano au chungwa. Mvua ikikolea dereva wa Fuso anakuona kwa rangi tu. Na refleta inavaliwa juu ya koti. Kila msimu naona wenzangu wameifunika kwa koti jeusi.

Hatua ya saba: utunzaji

Ukifika nyumbani lianike kivulini lichuruzike, usilikunje bichi. Usilisafishe kwa petroli wala kulipiga pasi. Msimu ukiisha litundike, maana PVC iliyokunjwa miezi mitano hupasukia kwenye mkunjo.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mimi nina koti la PVC jipya kabisa lakini nikivua shati limelowa. Nimeuziwa bovu?* (kijiwe cha Gungu)

Angalia palipolowa. Mgongo na kwapa ni jasho, na PVC haipumui hata iwe ya bei gani. Msamba, vifundo vya mikono na kola ni mvujo. Kama ni jasho, acha kuvaa pamba nzito ndani. Traksuti nyepesi inakauka upesi. Mvua ikikatika simama ufungue kifua dakika mbili.

*Zamani tulikuwa tunafunga miguu kwa mifuko ya rambo. Sasa tunafanyaje bila gambuti?* (Ujiji)

Mifuko ile imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo ilikuwa inateleza kwenye breki ya mguu. Nunua gambuti fupi inayokubana vizuri kwenye kifundo. Zile ndefu na pana za shambani zinakunyima kusikia gia. Jaribu kubadilisha gia zote pikipiki ikiwa imezimwa kabla hujalipa. Kandambili kwenye tope jekundu la njia za vijijini usijaribu. Ukikanyaga chini ili usianguke, zinakuacha.

*Mwamvuli mkubwa wa kufunga kwenye pikipiki si rahisi kuliko suti? Abiria naye anakingwa.* (Mwandiga)

Nakuelewa, ndugu yangu, abiria wanaupenda. Lakini mvua inakujia kwa mbele, mwamvuli unakinga kichwa tu. Na unajua upepo wa ziwa unavyotangulia mvua. Mwamvuli uliofungwa kwenye chombo cha magurudumu mawili unakusukuma upande usioutaka. Hata ule mdogo wa mkononi, mwombe abiria aufunge. Hela ya mwamvuli mnunulie koti la akiba. Mimi ninalo moja chini ya kamba ya siti, na wapo wateja wanaonipigia simu siku za mvua kwa sababu hiyo.

*Mama mwenye mtoto mgongoni akija na mvua, nimpe koti au nimfunike na turubai?* (Katubuka)

Turubai na kanga zisizofungwa zinaingia kwenye gurudumu la nyuma, na hapo mnaanguka wote watatu. Mwambie, "Mama, tusubiri ipungue." Kama hawezi kusubiri, mtafutie bajaji, hata kama umepoteza nauli.

*Kioo cha helmeti kinajaa ukungu, nakifungua, mvua inanipiga machoni kama changarawe.* (Buzebazeba)

Paka tone la sabuni ya maji ya vyombo upande wa ndani, sambaza, lisugue kwa kitambaa laini hadi lisionekane. Rudia kila asubuhi ya mvua. Kioo cheusi usikitumie, na kilichokwaruzika badilisha, maana usiku taa za magari zinatawanyika juu yake na huoni kitu.

*Koti limechanika begani. Nipeleke kwa fundi cherehani?*

Hapana, kila tundu la sindano ni mvujo mpya. Safisha, likauke kabisa, kisha bandika kiraka cha aina ile ile kwa gundi upande wa ndani, kikubwa kuliko mchaniko, chenye kona zilizokatwa kwa mviringo.

*Wazee wanasema ukivaa gambuti za mpira radi haikupati. Ni kweli?* (Bangwe)

Si kweli, na nakuomba uwaambie vijana wote wa kijiweni. Radi imepita kwenye hewa kilomita nzima, mpira wa sentimita mbili hauizuii. Ng'ambo ya ziwa letu, milima ya mashariki mwa Kongo, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, nasi ni majirani. Ukiona mmweko, hesabu. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ngurumo ikikufikia kabla ya sekunde 30, paki. Usikimbilie chini ya mwembe, na Ujiji miembe ndiyo tuliyozoea. Ingia ndani ya nyumba au duka, si barazani, mkae dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Abiria akinung'unika, mwambie nauli ni ile ile mliyopatana.